Mkono wa Baba kwenye Daftari la Mwana

Shangazi, nakuamkia kwa heshima, na kabla hujafika mbali nakuomba usinihukumu mpaka mwisho wa barua, kwa sababu mimi mwenyewe nimekwisha kujihukumu na kujifungia, kilichobaki ni mtu wa kunionyesha mlango wa kutokea.

Mimi ni baba wa mtoto mmoja, msichana wa miaka kumi na mmoja aliye darasa la tano, na kazi yangu ni kuandika mabango, yale ya maduka na vinyozi na kliniki, na karakana yangu ndiyo chumba cha mbele cha nyumba yetu, kwa hiyo mteja akiingia anapishana na mtoto akitoka. Mama yake anafua na kupiga pasi mashuka ya hospitali, anaondoka alfajiri na kurudi jua likizama, kwa hiyo saa za mtoto kutoka shule ni saa zangu, na kazi za shule za kufanyia nyumbani ni jukumu langu, na hapo ndipo nilipoharibu.

Binti yetu tunamwita Chiriku, na ukimsikia dakika mbili hutauliza kwa nini. Mtume akanunue sabuni, atakurudia na habari za muuza sabuni, za mke wa muuza sabuni na za paka wao, na sauti za wote ataziigiza, hata ya paka, mpaka mteja wangu anasahau alichofuata. Lakini mwambie atoe daftari. Kwanza atasikia kiu, akishakunywa atakwenda msalani kwa kuwa amekunywa, akirudi penseli haina ncha, na ataichonga mpaka ile iliyokuwa ndefu asubuhi inabaki kama njiti ya kiberiti, kisha tumbo litaanza kumsokota, na tumbo likipona ataniambia, "Baba, mwalimu amesema ya leo si lazima," nami najua ni uongo na yeye anajua kwamba najua. Tulimbembeleza, tukamgombeza, mama yake akamnyima televisheni, mimi nikamwahidi baiskeli, wapi! Siku moja niliinua hata mkono, nikaushusha mwenyewe kwa aibu, maana alifumba macho kabla haujamfikia.

Ilianza mwaka jana kwa hesabu tatu. Nilikuwa nasubiri rangi ikauke kwenye bango la duka la viatu, naye anaililia karatasi mpaka imelowa na kuchanika, nikasema ngoja nimmalizie hizi tatu tu, tupumzike sote. Kesho yake zikawa tano, na juma lililofuata ukaja ufahamu wa kusoma na kujibu maswali, na mimi, Shangazi, mkono wangu ndio jembe langu, nionyeshe mwandiko wowote nitakuandikia mwingine usiweze kuutofautisha, kwa hiyo haikunichukua muda kuujua wa kwake, ile g yenye mkia uliojikunja, ile a inayoinama kama inataka kulala, mpaka nikawa natia makosa mawili matatu kwa makusudi ili mwalimu asishuku. Naona haya kuyaandika haya. Na ninachokionea haya zaidi ni kwamba nilikuwa nafurahia. Mimi niliishia darasa la saba, na katika miaka yote ile sikumbuki mwalimu aliyeniandikia "Vizuri sana", sasa daftari lilipokuwa likirudi na wino mwekundu nililifungua mimi kwanza, nimesimama pale pale mlangoni na brashi mkononi, nikisoma sifa zangu. Yeye hata alikuwa haulizi amepata ngapi.

Ndipo ikaja insha. Mwalimu aliwataka waandike kuhusu siku wasiyoisahau. Chiriku alikaa juu ya debe la rangi akanisimulia siku aliyonyeshewa mvua na bibi yake wakakimbilia karakana ya fundi wa majeneza, bibi akachoka kusimama akajilaza kwenye jeneza moja lisilo na kifuniko, usingizi ukampitia, akaingia mteja anatafuta la shemeji yake, na alipoinama kulikagua, bibi akapiga chafya. Shangazi, nilicheka mpaka brashi ikanitoka. Nikamwambia, "Haya, andika hivyo hivyo," akaniambia, "Andika wewe, baba, wewe unajua." Nami nikaandika, lakini nikaipamba, nikatafuta maneno makubwa ninayoyasikia redioni, nikatia taharuki, nikatia sintofahamu, nikatia mithili ya radi katika anga la kiangazi, nikaona sasa hii ni insha.

Mwalimu aliipenda kupita kiasi. Kwenye mkutano wa wazazi wa Jumamosi asubuhi, darasa limejaa wazazi kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa videvu, watoto wenyewe wamesimama nyuma ukutani, mwalimu akasema kuna insha moja anataka tuisikie kwa kinywa cha mwandishi wake. Akamwita binti yangu mbele. Mama yake alikuwa kazini, nilikuwepo mimi tu. Chiriku akashika karatasi kwa mikono miwili, mstari wa kwanza akaukokota mpaka mwisho, wa pili akafika kwenye "sintofahamu", akasema, "Si... sin... sinto...", akarudia, na nyuma kule mtoto mmoja akatoa mlio wa gari linalokataa kuwaka, krrr, krrr, krrr. Watoto wakaangua kicheko, na sisi wazazi, kwa kutojua, baadhi yetu tukacheka pia. Mimi sikucheka, lakini sikusimama.

Hakulia. Aliiweka karatasi mezani taratibu, akaja akabanana nami kwenye dawati, akanisogezea mdomo sikioni akasema, "Baba, kwa nini hukuandika kama nilivyokwambia mimi?"

Tulipotoka nilimuuliza mtoto wa jirani ule mlio ni wa nini. Akaniambia, bila ubaya wowote, "Si ndiyo jina lake, Gari Bovu. Tangu darasa la tatu. Mwalimu alisema anasoma kama gari bovu." Ni mwalimu huyu huyu, amepanda nao darasa mwaka hadi mwaka. Miaka miwili na zaidi mwanangu anaitwa hivyo, na yeye ambaye hunisimulia mpaka mambo ya paka wa watu, hilo hajawahi kunisimulia.

Leo ni siku ya tano hajaenda shule. Hasemi anaumwa, hasemi chochote, anakaa kwenye ngazi ya nyuma anatazama kuku, na kinyume na desturi nyumba nzima iko kimya. Juzi mwalimu alikuja mwenyewe, akaketi karakanani kati ya madebe, akasema mtoto ana kipaji, ni woga wa watu tu, tena amekwisha kupeleka jina lake kwenye mashindano ya insha ya shule zote, majuma matatu yajayo, wataandikia papo hapo ukumbini. Mke wangu aliisikia habari hiyo akaimba. Ile insha ameibandika ukutani juu ya meza ya kulia, na kule kwenye chumba cha kupigia pasi hakuna asiyejua kwamba ana mwana mwandishi. Naye hajui. Hakuna ajuaye isipokuwa mimi na Chiriku.

Sasa nimebanwa, mbele moto nyuma maji. Nikisema kweli, mwanangu ataaibika mara ya pili na mke wangu sijui atanitazamaje. Nikinyamaza, mashindano yanakuja. Nimewaza niseme ana homa siku hiyo. Nimewaza pia nimkaririshe insha moja neno kwa neno akaitapike kule. Na chini ya yote hayo kuna swali linaloniuma: mtoto huyu ni mvivu, au ni mjinga, au ni mimi? Nifanye nini?

Baba Chiriku, mwandika mabango

*

SHANGAZI ANAJIBU

Baba Chiriku, nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza nikiwa nimekunja uso, mara ya pili nikiwa nimeukunjua kidogo. Kidogo tu. Kwa sababu mashindano yako karibu nakutumia jibu hili kwa posta kwanza, gazetini litatoka baadaye.

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo la kwanza. Mvivu? Mvivu haoni taabu ya kuigiza sauti za watu wawili na paka kwa ajili ya kipande cha sabuni. Mtoto anayechonga penseli mpaka ikaisha anafanya kazi, tena ngumu, kazi ya kukimbia. Ulitakiwa kumuuliza anakimbia nini. Mjinga? Mjinga hawezi kuipanga habari ya bibi kwenye jeneza hata chafya ikaja mahali pake. Nami nilifundisha shule za msingi miaka ishirini na minane, nimesoma insha nyingi kuliko mabango uliyoandika, na ninakuambia aliyeibuni insha ile ni binti yako. Wewe ulichoongeza ni sintofahamu. Na ndilo lililomwangusha.

Basi umebaki wewe. Ndiyo, ni wewe, lakini si peke yako, na nitawafikia wengine.

Ulimwonea huruma mtoto analia, hilo silikulaumu, moyo wa mzazi si jiwe. Lakini kila ulipomnyang'anya kalamu mkononi, ulimwambia bila kufungua mdomo: hili huliwezi, niachie mimi. Ukamwambia hivyo mwaka mzima, kila jioni. Halafu ukazila sifa zake. Unasema hakuuliza amepata ngapi. Aulize za nini? Mtu anauliza matokeo ya mtihani wa jirani? Mchelea mwana kulia hulia yeye, na sasa mnalia wote wawili, mmoja karakanani, mwingine ngazini.

Hayo mawazo ya homa na ya kukaririsha, yatupe leo. Homa ya uongo itapona, halafu? Mwalimu atamtafutia mashindano mengine. Njia ya mwongo ni fupi, na safari hii aliyeipita ni wewe lakini atakayeanguka mwishoni mwake ni mtoto.

Utafanya hivi. Kabla ya mke, kabla ya mwalimu, nenda pale ngazini ukae, usisimame juu yake, ukae, umwambie: "Nilikosa. Nilikuandikia kazi zako kwa sababu sikuvumilia kukuona ukihangaika, na insha yako ilikuwa nzuri ulivyoisimulia wewe, mimi nikaiharibu." Usiongeze "lakini". Baba akiweka "lakini" kwenye msamaha, mtoto husikia hiyo "lakini" tu. Kisha mwambie unajua habari ya lile jina. Asipojibu, nyamaza naye. Watazameni kuku.

Jioni hiyo hiyo mwambie mama yake. Atakasirika, na ana haki, maana umemwacha aimbe wimbo wa uongo mbele ya wenzake. Vumilia. Hasira ya mke anayejua ni afadhali kuliko furaha ya mke anayedanganywa.

Kesho yake nenda shuleni, peke yako, na madaftari yote. Muonyeshe mwalimu kurasa zako na kurasa za mtoto. Jina litolewe kwenye mashindano, na aambiwe mtoto kwamba limetolewa kwa kosa lako, si lake. Halafu muulize mwalimu swali moja la maana: mwanangu anasoma hasa kiwango cha darasa la ngapi? Usiogope jibu. Fundi hupima ukuta kabla ya kuandika. Kama ni la pili, mtaanzia la pili. Na mpeleke akapimwe macho na masikio, maana nimewahi kumgombeza mtoto mwaka mzima kwa uzembe, kumbe ubao anauona kama ukungu.

Nyumbani, kazi ifanyike wakati uleule kila siku, baada ya kula kitu na kucheza kidogo, mezani, si kati ya madebe na wateja. Dakika kumi na tano, apumzike, kumi na tano nyingine, basi. Wewe kaa karibu na kazi yako mwenyewe, chora herufi zako. Akikwama, usimpe jibu, muulize: "Hapa umeelewa nini? Ulipokwama ni wapi?" Akikosea, acha kosa liende shuleni. Kosa ni barua ya mtoto kwa mwalimu wake, ukilifuta umeichana njiani. Naye akuone ukikosea. Usiniambie hujawahi kuandika bango ukaruka herufi! Mwite aone unavyolipiga msasa na kulirudia, bila kulia wala kuumwa tumbo.

Na hili ndilo dawa yenyewe. Aendelee kusimulia. Mara tatu kwa juma akusimulie jambo fupi, nawe uliandike mbele ya macho yake, neno kwa neno kama alivyolisema, bila pambo hata moja, nakukataza. Kisha alisome yeye. Atasoma maneno anayoyajua kwa sababu yalitoka kinywani mwake. Baadaye mwachie sentensi ya mwisho aiandike mwenyewe, baadaye mbili. Mkono utazoea njia ambayo ulimi ulikwisha kuipita. Kama miezi itapita mnafanya hivi kwa uaminifu na bado herufi zinamchanganya, zinageuka, zinapishana, mtafuteni mtaalamu wa watoto wanaopata shida ya kusoma. Wapo watoto ambao herufi huwaingia kwa mlango mwingine. Hao si wajinga, wanataka kufundishwa kwa njia yao.

Sasa nina neno na mwalimu, umpelekee ukurasa huu.

Mwalimu mwenzangu, najua hukukusudia. Una watoto chungu nzima, madaftari yanakufikia kidevuni, neno likakuponyoka siku moja, darasa likacheka, ukaendelea na somo. Nami niliwahi kumwita mtoto "Kobe" kwa mzaha. Miaka mingi baadaye alikuja kunisalimu, mtu mzima mwenye kazi yake, na katika maongezi akaniambia kwa upole kwamba mpaka leo hapendi kusoma barua mtu akiwa anamtazama. Sikulala vizuri siku hizo. Sisi husahau tulichosema kabla kengele haijalia, wao hukibeba mpaka uzeeni. Jina hilo umelizaa wewe, na wewe ndiye wa kulizika, mbele ya darasa lile lile. Usimsimamishe tena kusoma jambo ambalo hakulifanyia mazoezi. Mpe rafiki mmoja wa kusoma naye, mpe aya moja badala ya ukurasa, msifu kwa kitu mahsusi, sema "neno hili umelisoma vizuri", si "hongera" tupu. Na mtoto anayekokota maneno darasani halafu analeta daftari safi kama mapambo, siku nyingine muite umuulize. Macho yetu hufurahia tiki mpaka yanasahau kuona.

Nenda, Baba Chiriku. Barua hii ukishaikunja, usiitie mfukoni ukaanza kutafakari. Ngazi ya nyuma iko hatua chache.

*

Wasomaji wangu, nilitaka niwape barua na jibu nikomee hapo, lakini majuma tisa baadaye huyu baba ameniandikia tena, na ameniruhusu niwaonyeshe.

Shangazi, nilifanya kama ulivyosema ila nilichelewa siku moja, niliogopa. Nilipomwambia Chiriku, aliuliza, "Kwa hiyo watanichapa?" Nikasema hapana, aliyekosa ni mimi. Akauliza, "Watakuchapa wewe?" Nikasema sijui, labda mama yako. Akacheka, Shangazi, mara ya kwanza tangu siku ile ya mkutano, nami machozi yakanitoka nikasingizia tarpentaini ya kuoshea brashi.

Mama yake hakunichapa. Alisimama kwenye kiti akaibandua ile insha, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye kabati, na siku mbili tulipitana ndani ya nyumba kama wapangaji wasiojuana. Siku ya tatu aliniambia, "Wenzangu nimewaambia kweli. Mmoja alinijibu kwamba yeye wa kwake humfanyia mpaka michoro." Kisha akanimiminia chai.

Mwalimu ndiye aliyenishangaza. Nilijiandaa kufukuzwa. Alifungua madaftari, akaweka ukurasa wangu karibu na wa mtoto, akatazama muda mrefu akasema, "Na mimi nilikuwa nikiwaonyesha walimu wenzangu." Nikampa ukurasa wako. Aliusoma akavua miwani. Akasema, "Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ni mimi." Jina la mtoto akalitoa kwenye mashindano. Jumatatu yake Chiriku alirudi shule, na kwa habari za mtoto wa jirani, mwalimu alisimama mbele ya darasa akasema alimwita mwenzao jina baya, kwamba alikosa, na kwamba anamwomba radhi, na atakayetoa ule mlio tena atakuwa na kesi naye. Watoto hawajawahi kumwona mwalimu akiomba radhi. Mmoja, mtoto wa jirani anasema, alimuuliza kama anaumwa.

Macho ni mazima, masikio ni mazima. Kusoma alikuwa darasa la pili, mwanzoni mwanzoni. Shangazi, sitaki kukudanganya kwamba sasa anasoma kama maji. Bado penseli zinachongwa. Juma lililopita alijificha nyuma ya mabango dakika ishirini, na siku nyingine tumeamka vibaya wote tukafunga daftari tukaenda zetu kutembea. Na mimi mkono unaniwasha, naapa, nikiona hesabu ndogo ya kujumlisha inamtesa mkono wangu unataka kwenda wenyewe, naukalia. Lakini habari kumi na nne amenisimulia na zote amezisoma, na mbili za mwisho nusu ameziandika yeye. Ameniambia sasa nisikae karibu sana, "Baba, unanichungulia, nenda kachanganye rangi."

Alhamisi walirudishiwa ufahamu, kazi aliyoifanya peke yake, mezani, mimi nikiwa sijagusa hata kifutio. Alikuja mbio kutoka barabarani, nikamsikia kabla sijamwona, akampita mteja bila salamu, akanifungulia daftari mbele ya pua. Nne kati ya kumi. Chini yake mwalimu aliandika, "Swali la tatu umelijibu kwa maneno yako mwenyewe, nimelipenda." Chiriku alikuwa anahema. Akaniambia, "Nne, baba! Na zote ni zangu!"

*

Nimeipokea nne hiyo kwa mikono miwili, na mwambie Chiriku Shangazi yake gazetini amesimama kuipigia makofi. Mwalimu, ahsante, kuomba radhi mbele ya watoto si kazi ndogo, wapo wakubwa waliostaafu hawajaiweza. Endeleeni na dakika zenu kumi na tano, hata siku za kuamka vibaya, hata mkichoka. Na wewe baba, ole wako nisikie umemuuliza sita zilikwenda wapi.